Viti Kumi na Saba

Alhamisi ya kwanza ya Februari, kabla kengele ya pili haijalia, Abla Nabra alikuwa kwenye chumba cha walimu cha shule ya msingi ya Dirmina, anajaza fomu ya safari kwa nakala nne: ya shule, ya idara ya elimu, ya polisi wa barabarani, na ya dereva. Alikuwa Abla, yaani mwalimu wa kike, wa maarifa ya jamii, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyewapeleka wanafunzi kwenye mahekalu ya Abu Simbel. Alijua choo kipi njiani kina maji na mtoto gani hutapika akikalishwa juu ya gurudumu. Alijaza kwa kalamu ya bluu, maana fomu ya kalamu nyeusi idara huirudisha kwa kusema ni nakala kivuli.

Kwenye mstari wa mahali pa kwenda aliandika, kama kila mwaka, "Dirmina ya zamani". Na kama kila mwaka, fomu ilirudi mstari umekatwa, na pembeni pameandikwa kuwa mahali hapo hapamo kwenye orodha ya maeneo ya kihistoria. Ni kweli hapakuwamo. Orodha ilikuwa na mahekalu, makaburi ya wafalme, jumba la makumbusho, na bwawa lenyewe. Yaani mtoto wa Dirmina aliruhusiwa kwenda kulishangilia bwawa, ila si kwenda kutazama mahali ambapo maji ya bwawa hilo yalilala juu ya nyumba ya babu yake. Nabra akaandika "Abu Simbel" chini ya mkato, akabonyeza kalamu mpaka nakala ya nne ikatoboka.

Dirmina ya zamani ilikuwa ukingoni mwa Nile, mwendo wa nusu siku kwenda kusini. Mwaka wa Uhamisho serikali iliwapakia watu kwenye meli na treni, ikawashusha jangwani nyuma ya Kom Ombo, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari, mto usionekane hata ukipanda darini. Jina la kijiji lilihamishwa pamoja nao, kwa kuwa jina halina uzito. Kiangazi cha kwanza watoto mia mbili na arobaini walikufa kwa joto, kwa maji mabaya na kwa surua, wakazikwa kwenye mteremko kando ya barabara kuu. Nabra alikuwa na miaka mitano. Abdun, pacha wake aliyemtangulia kuzaliwa kwa robo saa, alikuwa wa sitini na tatu kuzikwa.

Kila kaburi lilikuwa na bakuli la udongo kichwani, kwa desturi ya Wanubi, na kila Ijumaa wanawake walikwenda kuyajaza maji mabakuli yote mia mbili na arobaini. Jumamosi yalikuwa makavu. Watu walisema ni ndege, na ukiwatazama huko jangwani unaona ndege wenyewe si wengi hivyo.

Safari ilikuwa Jumanne. Basi lilikuwa la viti hamsini, ukimwacha dereva. Wanafunzi walikuwa thelathini na wawili, na pamoja na Nabra wakawa thelathini na watatu. Lilipofika chini ya mteremko, alfajiri imeshapambazuka, watoto wengine walikuwa wamesimama ukingoni mwa barabara, miguu peku, nguo zao za mtindo wa zamani. Usta Shazli, dereva, alikanyaga breki. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka mingi, na mguu wake ulisimama wenyewe kila ulipoona watoto barabarani.

"Hawa wako, Abla?" aliuliza.

"Wangu," Nabra alisema, kwa kuwa alikuwa ameshamwona Abdun.

Walipanda mpaka viti vikaisha, yaani kumi na saba, na waliobaki hawakusukumana. Walirudi mteremkoni wakaketi. Abdun alikaa kiti cha nyuma ya dereva, karibu na dada yake, akamtazama usoni kwa muda.

"Una mvi," alisema.

"Na wewe huna meno ya mbele."

"Yangu yalikuwa yanaota. Zako hizo ndiyo basi tena." Akageukia dirishani. "Tunakwenda nyumbani?"

Nabra alisema wanakwenda. Wisam, msichana wa darasa la tano ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alimpa mtoto wa pembeni yake nusu ya mkate wake wa kabed. Mtoto akala upesi. Wisam akamuuliza yeye ni wa nyumba ipi, wakaanza kuhesabu ukoo, wakakuta mtoto huyo ni shangazi yake Wisam.

Hawakufika. Kwenye kizuizi cha polisi, mahali barabara ya jangwani inapoanzia, ofisa alipanda akahesabu vichwa. Orodha ilikuwa na majina thelathini na mawili na mwalimu mmoja. Vichwa vilikuwa hamsini.

"Kumi na saba hawamo," alisema.

"Ni watoto wa Dirmina," Nabra alisema. "Walikufa mwaka wa Uhamisho."

"Sijauliza walikufa lini, Abla. Nasema hawamo kwenye orodha." Alimrudishia karatasi kwa adabu. "Geuza basi, Usta."

Wakageuza. Pale mteremkoni wale kumi na saba wakashuka bila kuambiwa. Nabra alimshika Abdun bega, akamwambia pole.

"Aa, sisi tumezoea," Abdun alisema, akapanda mteremko.

Neno hilo lilimuuma Nabra kuliko kugeuzwa kwenyewe. Kama Abdun angelia, wangelia wote wawili. Lakini mtoto wa miaka mitano kusema amezoea, na kulisema kwa upole, kama mtu mzima aliyekosa zamu kwenye duka la mkate! Usiku ule aliapa kwa mkate na chumvi kwamba huyo kaka yake atafika kwao, idara ipende isipende.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ustadh Wagdi, karani wa safari katika idara ya elimu. Wagdi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vidole vyenye wino na moyo wa mtu anayengoja kustaafu.

"Nataka kuongeza majina kumi na saba," Nabra alisema.

"Wanafunzi?"

"Wa kaburini."

Wagdi alivuta pumzi. "Abla Nabra, we' mwaka jana uliniletea kijiji cha chini ya maji. Mwaka huu unaniletea wafu. Unanitafutia balaa gani?" Lakini aliinuka, kwa sababu kazi ni kazi, akashusha kutoka rafu ya juu daftari la mwaka wa Uhamisho, lile ambamo afya, elimu na makazi viliandikwa pamoja. Alipuliza vumbi, akafuata mstari kwa kidole. "Watoto waliofariki, vijiji vyote vipya," alisoma. "Hakuna."

"Hakuna?"

"Imeandikwa hakuna, na muhuri upo."

Serikali ilikuwa imeahidi nyumba bora na hospitali, na mtu anayekufa ndani ya ahadi huiharibu. Kwa hiyo hawakuandikwa. Nabra alilijua hilo tangu utotoni, kwa kusikia wanawake wakilisema makaburini, ila hakuwahi kuliona kwa macho, neno moja katika mwandiko mzuri. Alisimama akalitazama. Halafu hasira yake ikapata kazi ya kufanya.

"Kama hawakufa," alisema, "basi wako hai."

Wagdi alifikiri. "Kwa daftari hili, ndiyo."

"Na aliye hai anaruhusiwa kusafiri."

"Anaruhusiwa. Lakini watakuwa na miaka mingapi sasa? Arobaini na tano? Hamsini? Hao si wanafunzi, Abla. Siwezi kumwandika mtu wa miaka hamsini darasa la kwanza, nitachekwa."

"Waandike wasindikizaji."

Wagdi akafungua kanuni za safari, akapata kuwa kanuni inataka msindikizaji mmoja kwa kila wanafunzi kumi. Dirmina itakuwa na mmoja kwa kila wawili. Alisema hajapata kuona shule inayojali usalama namna hiyo, na alimaanisha. Akagonga muhuri nakala zote nne.

"Ila waende Abu Simbel," alimwambia. "Wasiende kwingine. Orodha ni orodha."

"Nimesikia," Nabra alisema. Kusikia ni jambo moja.

Jioni alimweleza mama yake. Bi Sakkina alikuwa na miaka sabini na saba na alikuwa hatoki ila Ijumaa, kwenda na birika lake mteremkoni. Alinyanyuka, akaondoa ukutani ufunguo wa nyumba ya zamani, ufunguo wa mti wenye urefu wa mkono wa mtoto na meno kama ya kitana, akaufuta kwa ukingo wa kanga yake nyeusi.

"Mpe kaka yako," alisema. "Mwambie mlango ule unakwama chini. Asishindane nao kwa mikono, ausukume na goti."

Wiki iliyofuata basi lilisimama chini ya mteremko bila kuulizana. Walipanda wale wale kumi na saba. Kizuizini ofisa alikuwa yule yule, na safari hii vichwa vilikuwa hamsini na majina hamsini. Hata hivyo alitaka kuhakiki wasindikizaji.

"Abdun Shawqi. Miaka arobaini na tisa?"

"Ndiye mimi," Abdun alisema.

"Mbona mfupi?"

"Sikula vizuri."

Ofisa akaweka alama ya vema, akawatakia safari njema.

Abu Simbel walikwenda, kwa kuwa Nabra hakutaka mtu aseme amedanganya kwenye fomu. Mtembezaji wa hekalu, kijana mwenye sauti ya kubebea umati, aliwaeleza jinsi maji yalivyokuwa yanapanda na jinsi dunia nzima ilivyoshikwa na uchungu. Jinsi wahandisi walivyolikata hekalu kwa misumeno, wakatia kila jiwe namba, wakalipandisha juu ya mlima, wakaligeuza sawasawa ili jua liingie ndani siku zile zile mbili za mwaka, kama zamani. Hakuna hata mfalme mmoja wa jiwe aliyelowa miguu. Wanafunzi walisikiliza. Wale kumi na saba walisikiliza zaidi, maana habari hizo zilitokea wakiwa wameshazikwa.

Abdun alinyosha mkono. "Walipokuwa wanawapandisha hawa, sisi mbona hawakutupandisha?"

"Nyinyi wa wapi?"

"Dirmina."

"Za kule zilikuwa nyumba za udongo," mtembezaji alisema. "Swali lingine?"

Nabra aliwaambia waingie basini.

Mwendo wa saa moja kwenye njia ya kurudi, kuna barabara ya vumbi inayotumiwa na malori ya samaki. Haina kibao. Nabra alimwambia Usta Shazli akate kulia.

"Haipo kwenye karatasi yangu, Abla."

"Kwenye yangu pia haipo."

Shazli alikuwa na wake wawili na leseni moja, na alivihofia vyote vitatu. Aliangalia kioo cha ndani. Watoto wote hamsini kasoro mmoja walikuwa wanamtazama kisogo. Akasema, "Aliyenituma hapa ni nani hata?" akakata kulia.

Ziwa lilikuwa limetulia, bluu, pana, halina mti wala mtu. Nabra aliwapanga wanafunzi wake mistari miwili kwenye mwamba, akawakataza kupita mbele ya ncha za viatu vyake. Wale kumi na saba hawakupanga mstari. Walikwenda moja kwa moja, wakubwa wamewashika wadogo mkono, mmoja amebeba kichanga mgongoni, wakaingia majini kwa mwendo wa mtu anayerudi kutoka dukani. Maji yaliwafika magotini, kiunoni, kichwani, yakajifunga. Shangazi yake Wisam alikuwa bado na kipande cha mkate mkononi.

Abdun ndiye aliyebaki nyuma. Nabra alichuchumaa, akampa ufunguo. Akamweleza kuhusu mlango na goti.

"Najua mlango wetu," Abdun alisema. "Nani alikuwa anaufungua wewe ukilia nje?" Aliweka ufunguo begani. Ulikuwa mkubwa kwake. "Unakuja?"

"Nina wanafunzi thelathini na wawili."

"Basi njoo ukimaliza."

"Nikimaliza, nitakuja."

"Usikawie, utakuja na mkongojo na pale kuna ngazi."

Akaingia. Nabra alibaki amechuchumaa, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa hakuona ni ya kufichwa. Baada ya dakika chache, kutoka chini ya maji, wote walisikia mti ukisugua mti. Kisha mlango ukisukumwa, ukakwama. Kisha goti. Ukafunguka.

"Ameingia," Wisam alisema.

Kizuizini, jua linatua, ofisa alihesabu vichwa thelathini na vitatu.

Kamati ilikaa Jumatatu: mkaguzi wa wilaya katikati, Wagdi pembeni na kalamu. Shtaka lilikuwa kwamba Abla Nabra amekwenda mahali pasipokuwa kwenye orodha na amepoteza wasindikizaji kumi na saba.

"Sikuwapoteza," Nabra alisema. "Wameshuka kwao."

Mkaguzi alikuwa mtu wa kupenda amani, na watu wa kupenda amani ndio hatari kwenye kamati. Alimsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. "Abla, sote hapa ni ndugu. Tia saini kwamba majina yale yaliingia kwa makosa ya karani, watu hao hawakuwapo. Utabaki na safari zako, na mwakani nafasi ya mwalimu mkuu iko wazi."

Wagdi aliinamisha kichwa. Nabra aliisoma karatasi mpaka mwisho.

"Mama yangu alibeba mapacha," alisema. "Nikitia saini hapa, nitakwenda kumwambia alibeba nusu? Andikeni walikufa mwaka ule, kwenye daftari lile lile, nami nitatia saini hata mara mia."

"Daftari la mwaka ule limefungwa."

"Lifungueni."

"Halina ufunguo," mkaguzi alisema, na kweli halikuwa nao.

Nabra akaomba karatasi nyeupe. Akaandika kwa kalamu ya bluu: waliokwenda, hamsini, waliorudi, thelathini na watatu, waliobaki kwao, kumi na saba, na majina yote, na ya baba zao. Akaitia saini hiyo. Uamuzi ulitoka kabla ya adhuhuri. Hatasimamia tena safari mpaka astaafu, na kuanzia siku hiyo, kwa saa zake zilizobaki baada ya vipindi, atatunza stoo ya chaki.

Nyumbani, tangu jioni ile ya safari, mama yake alikuwa ameuliza jambo moja tu.

"Aliusukuma na goti?"

"Aliusukuma, mama. Ukafunguka."

"Haya," Bi Sakkina alisema. Akasogea kwenye sinia akala, na usiku ule alilala mpaka jua likamkuta, jambo ambalo Nabra hakuwahi kuliona maishani mwake. Ijumaa baada ya kamati walikwenda pamoja mteremkoni. Mabakuli kumi na saba yalikuwa yamejaa yale yale maji ya Ijumaa iliyopita, hayakupungua hata funda, na ndege walikuwa wanaoga humo. Mia mbili na ishirini na matatu yalikuwa makavu. Wanawake wengine walisimama, wakahesabu, wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bi mmoja alimuuliza Nabra basi lina viti vingapi.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wanawake wa Dirmina mwaka ule walilikataa neno la wahenga. Msimamizi mpya wa safari alikuwa Ustadh Awadi wa hesabu, kijana, mjukuu wa kijiji, ambaye hakuwa na sifa ya ushujaa ila alikuwa na bibi. Siku ya kuandikisha, alikaa darasa la tano na fomu zake, hakuna aliyenyosha mkono. Darasa la nne, hakuna. Kanuni inasema safari isiyo na mwanafunzi hufutwa. Kwa hiyo alijiandikisha mmoja, Wisam, kwa kura, na wenzake walimwonya asilale njiani.

"Wengine hamtaki kuona hekalu?" Ustadh Awadi aliuliza.

"Tumeliona," walisema. "Halina haraka. Wape kiti."

Majina ya wasindikizaji arobaini na wanane yaliandikwa stooni, juu ya sanduku la chaki, kwa mwandiko ambao Ustadh Wagdi aliufahamu vizuri. Alikaa na fomu hizo siku mbili. Siku ya tatu alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akakuta bado hakuna aliyekufa. Akagonga muhuri nakala nne. Mahali pa kwenda palikuwa Abu Simbel, kwa kuwa Dirmina ya zamani iliandikwa na ikakatwa tena.

Alhamisi ya wiki iliyofuata baada ya safari ile, barua ya idara ilifika shuleni, wakampelekea Nabra stooni. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi imethibitika kuwa mwaka wa Uhamisho hakuna mtoto aliyefariki, na kwamba orodha ya maeneo ya kihistoria imechapwa upya bila mabadiliko. Ilikuwa na muhuri mzuri. Nabra aliikunja, akaiweka kwenye sanduku pamoja na barua nyingine za idara, akafunga stoo. Kesho yake, Ijumaa, akamchukua mama yake na birika, wakapanda mteremko. Siku hiyo walijaza mabakuli mia moja sabini na matano.